Programu inayojua kusema "sijui"

Nimepotea kidogo, najua, na wengine wenu mmeuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Leo hakuna habari za Linux wala simu mpya. Nataka kuzungumzia miguu ya mjomba wangu na mistari miwili ya msimbo niliyoiandika vibaya.

Rafiki yangu ni muuguzi katika zahanati moja ndogo. Mwaka jana aliniomba nimwandikie kiprogramu cha simu cha kukokotoa kipimo cha mzunguko wa damu miguuni. Nilipoelezwa hesabu yenyewe nilicheka. Ni kugawanya tu!

Iko hivi. Ateri hupeleka damu kutoka moyoni hadi vidoleni. Mafuta yakijijenga ndani ya kuta zake, njia inakuwa nyembamba na presha ya damu inayofika chini inapungua. Basi mgonjwa analala chali dakika kadhaa, unampima presha mikononi, kisha unafunga mkanda juu ya kifundo cha mguu na kusikiliza damu kwa kifaa kidogo cha Doppler. Unatumia ile namba ya juu ya presha peke yake. Ya mguu gawanya kwa ya mkono. Mguu 104, mkono 130, jibu 0.80. Kati ya 1.00 na 1.40 ni kawaida. Kuanzia 0.90 kushuka chini, ateri za mguu zina ugonjwa. Hapo katikati ni pa kuangalia kwa makini.

Mimi nikaandika hivi: kama jibu ni 0.90 au chini, onyesha nyekundu. Vinginevyo, onyesha kijani. Nikajaribu namba kama kumi, zote zikakubali, nikaenda kunywa chai.

Mjomba ana kisukari kwa zaidi ya miaka kumi, na alikuwa mvutaji hodari wa sigara. Alipopata kidonda kidoleni kisichopona, nilimpeleka mwenyewe kwa yule rafiki yangu. Mkono 140, mguu 210. Simu ikaandika 1.50, kijani kabisa.

"Umeona, mjomba? Damu yako inashuka kama mto Tana!" nikamwambia.

Muuguzi hakucheka. "Ngoja kwanza. Huyu ana kisukari. Hii namba ni kubwa mno."

Alinieleza kwamba kwa watu wengi wenye kisukari cha muda mrefu au ugonjwa wa figo, kuta za ateri huingiwa na kalsiamu na kukakamaa. Mkanda unabana, mshipa unakataa kubanwa, na namba inapanda kwa sababu ya ugumu wa mshipa, si kwa sababu damu ni nyingi. Zaidi ya 1.40 maana yake si "nzuri sana". Maana yake kipimo kimeshindwa. Ateri za vidole mara nyingi haziathiriki hivyo, kwa hiyo mgonjwa kama huyu hupimwa kidole gumba cha mguu kwa mkanda mdogo. Hospitali ya rufaa walimpima mjomba wakapata 70. Gawanya kwa 140 ni 0.50, na kuanzia 0.70 kushuka chini tayari ni tatizo.

Utauliza, kwani hakusikia maumivu? Dalili inayojulikana ni shavu la mguu kuuma ukitembea na kutulia ukipumzika. Lakini wengi hawaipati, na mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi huenda asisikie lolote. Hapo namba ndiyo shahidi, na shahidi wetu alidanganya huku mimi nimemvika kijani.

Sasa hoja yangu. Siku hizi sisi waandishi wa programu tunakimbilia afya, kila mmoja na akili bandia yake. Sipingi. Lakini tunapenda mno majibu mawili, ndiyo au hapana. Kugawanya kwangu kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuamini kila namba inayoingia. Na makosa hayalingani uzito: nyekundu ya uongo inamgharimu mgonjwa nauli ya kwenda rufaa, kijani cha uongo kinaweza kumgharimu mguu.

Kuna atakayesema uamuzi wa mwisho ni wa mhudumu, si wa simu. Kweli, na bahati yangu huyu alikuwa macho. Lakini muuguzi mwenye foleni ya watu arobaini tunampa rangi ili aiamini. Hatuwezi kumpa rangi halafu tumlaumu kwa kuiamini.

Kwa hiyo, ukiandika programu ya afya, weka jibu la tatu. Uliza kuhusu kisukari na figo kabla ya kukokotoa. Onyesha namba, si rangi peke yake. Na keti na muuguzi kabla ya kuandika, si baada ya kumaliza kama nilivyofanya mimi. Programu yangu sasa ikipata zaidi ya 1.40 inaandika: "Kipimo hiki hakiaminiki. Pima kidole gumba."

Mjomba ameacha sigara na anameza dawa zake. Kidonda kilichukua miezi kupona, lakini mguu upo, na bado ananitania kuhusu mto Tana.

Haya, maoni yako weka hapo chini. Je, programu yako inajua kusema "sijui"?