Kadi ya Leseni Haina Breki

Leo tuongee kidogo juu ya jambo ambalo vijana wengi wa Nakivale tunalichukulia kama mchezo: mtihani wa kuandika wa leseni ya udereva, au pamiti kama tunavyosema hapa.

Mwaka jana nilienda Kakoba, pale Mbarara, kwenye shule moja ya udereva. Nilijiamini sana kwa sababu pikipiki nilianza kuishika nikiwa bado mdogo kule Kivu. Wakanipa karatasi ya majaribio, kwa Kiingereza. Swali moja liliuliza: ukifika kwenye mzunguko wa barabara, unampisha nani? Nikajibu: anayekuja kutoka kushoto. Nikakosa. Mwalimu akaniambia, "Kwa jibu hilo, barabarani ungekuwa umeshagongwa."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Uganda watu wanapita upande wa kushoto. Sasa angalieni sisi tumetoka wapi: Kongo, Rwanda, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea. Kote huko wanapita kulia! Kwa hiyo mazoea tuliyokuja nayo, hapa yanaweza kutuua. Hata anayetembea kwa miguu anaangalia kushoto kwanza kabla ya kuvuka, kumbe gari lililo karibu linatokea kulia.

Najua kuna wanaosema, "Mimi najua kuendesha, karatasi ya nini?" Wengine wanatafuta mtu wa katikati, wanampa pesa wapate kadi bila kusoma. Jamani, tusidanganyane. Kadi haina breki. Ukiwa kwenye spidi ya kilomita 50 kwa saa, kila sekunde moja unapita karibu mita 14. Ukiangalia simu kwa sekunde mbili tu, umeshapita mita 28 bila kuona kitu. Na ukizidisha spidi mara mbili, umbali wa kufunga breki unaongezeka mara nne. Hayo hukuyajua kwa kuzoea pikipiki. Unayajua kwa kusoma. Na abiria uliyembeba nyuma anaweza kuwa mama yako.

Lakini pia tuseme ukweli: kwa wengi wetu shida si uvivu, ni Kiingereza. Mtu anaijua alama vizuri ila swali halielewi. Ndiyo maana sisi wanne tulianza kusoma pamoja kila Jumapili baada ya chakula. Tulikata maboksi, tukachora alama: pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, ile ya pembe nane inakwambia simama kabisa. Nyuma ya boksi tukaandika maana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mmoja anauliza, wengine wanajibu. Nilipofanya karatasi ya pili, nilipita.

Kwenu ndugu zetu wa mashirika: tunashukuru kwa miradi ya kujitegemea. Lakini mkimpa kijana pikipiki bila kumsaidia asome sheria za barabara, mmempa kazi na hatari pamoja. Wekeni masomo hayo ndani ya bajeti, pamoja na kofia ya kujikinga. Na yafundishwe kwa Kiswahili kwanza, halafu maneno ya Kiingereza ya mtihani. Si ombi la ajabu: tangu marekebisho ya mwaka 2005, Katiba ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili.

Na sisi vijana tusikae kungojea shirika. Boksi na kalamu tunavyo. Kama una kitabu cha sheria za barabara, kilete tukisome wote. Kama Kiingereza chako ni kizuri, njoo utufundishe Jumapili. Tulikimbia vita tukiwa hai. Tusije kufia kwenye mzunguko wa barabara kwa sababu hatukujua nani anapita kwanza.