Ideos, Nokia na simu ya tatu tuliyoisahau

Kiwanda cha kuunganisha simu kilipofunguliwa Athi River mwezi Oktoba 2023, simu zake za kwanza zilitangazwa kwa shilingi 7,499 na shilingi 8,999. Tangu hapo wimbo umekuwa mmoja: simu janja imeshuka bei, sasa kila Mkenya aingie mtandaoni. Kwetu sisi tuliovuka miaka arubaini, bei hiyo si ngeni. Mwaka 2011 Safaricom iliuza simu janja kwa takriban shilingi 8,000, na jina lake Ideos. Mabishano iliyoyazua ninayakumbuka vizuri. Baraza za Mji wa Kale ziligawika pande mbili, huku Ideos na kule Nokia, na kila upande una ushahidi wake mfukoni.

Nayafukua mabishano hayo leo kwa sababu moja. Kilichokuja kuamua hakikuwa kile tulichokuwa tukikibishania, na naona wakubwa wetu wanataka kuamua mambo ya watu kwa mizani ile ile.

Ideos ilitengenezwa na Huawei, ikaonyeshwa Berlin mwezi Septemba 2010, ikitumia Android 2.2. Kioo chake kilikuwa inchi 2.8, kamera megapikseli 3.2, betri mAh 1,200. Kijana wa leo akiishika atauliza kama ni ya kuchezea watoto. Lakini ilikuwa na 3G, ilikuwa na Wi-Fi, na jambo lililotushtua wengi ni kwamba iliweza kuigawia kompyuta intaneti. Wakati huo nilikuwa nahudumu katika saiba moja hapa mjini, tukiuza intaneti kwa dakika. Siku moja vijana wawili waliketi barazani nje ya mlango wetu, Ideos katikati, kompyuta mpakato mapajani, wakafanya kazi yao mpaka alasiri bila ya kutulipa hata ndururu. Mwenye saiba alitoka mara tatu kuwatazama. Hakuwa na la kusema, baraza si yake.

Bei nayo ilikuwa na siri yake. Mwaka 2009 serikali iliondoa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa simu za mkono, na ndiyo maana miaka ile simu zilimiminika madukani. Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT iliurudisha. Wanaotuimbia kuhusu simu rahisi siku hizi aghalabu huliruka jambo hili.

Upande wa Nokia haukuwa wa wajinga, na hapa nataka nitulie kidogo, kwa sababu historia huandikwa na aliyeshinda. Tuchukue E63, ambayo ilikuwa fahari ya makarani na walimu. Ilitangazwa mwisho wa 2008. Ina vibonye vyote vya herufi, kwa hivyo waandika barua bila kukisugua kioo kama anayepangusa meza. Ina 3G na Wi-Fi kama Ideos. Betri yake mAh 1,500, na kwa kuwa kioo ni kidogo, chaji ilikaa. Ina hata tochi. Ukiiangusha sakafuni waiokota, wairudishia kifuniko, waendelea na mazungumzo. Mwenye Ideos alikuwa akitembea na chaja mfukoni kama mgonjwa na dawa zake, na ikifika magharibi utamwona anaomba soketi kwa mwenye duka.

Halafu kulikuwa na suala la fundi. Simu za Nokia zilikuwa zimezoeleka. Fundi wa kando ya barabara anaijua kila skrubu, betri aina ya BL-5C ilipatikana mpaka kwenye kioski cha mboga, na kifuniko kipya si bei ya kukukosesha usingizi. Kwa watu wa bahari hili ni jambo kubwa kuliko kamera. Hewa ya chumvi hula kila chombo cha umeme, na simu ya mvuvi huingia maji, hiyo haina mjadala, suala ni lini. Simu ya kufunguliwa, kusuguliwa kwa spiriti na kuanikwa juani ilikuwa na maisha marefu Shela na Faza kuliko simu yoyote ya kupangusa.

Kulikuwa pia na kambi ya simu za Kichina, zile za laini mbili, spika ya kutikisa nyumba na eriali ya runinga. Tulizicheka, ila laini mbili lilikuwa wazo la maana kwa mtu anayetafuta mtandao mahali unapokatikakatika. Wengi wao waliamka tarehe 1 Oktoba 2012 wakakuta simu zimenyamaza, kwa kuwa usiku uliotangulia serikali ilikuwa imezizima simu bandia zaidi ya milioni moja.

Ukiweka hoja zote mezani, E63 ilikuwa simu bora kuliko Ideos. Nilisema hivyo wakati ule na nasema hivyo leo. Hata hivyo ilishindwa, na haikushindwa na simu. Ilishindwa na watu walioko mbali ambao hawakuwahi kuiona baraza yetu: waandishi wa programu.

Mwezi Februari 2011, mkurugenzi mkuu wa Nokia, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi wake akiifananisha kampuni na mtu aliyesimama juu ya mtambo wa mafuta baharini unaowaka moto. Siku chache baadaye, tarehe 11, Nokia ikatangaza kwamba simu zake janja zitahamia mfumo wa Windows Phone wa Microsoft. Yaani Symbian, mfumo uliokuwa ndani ya E63, ulitangazwa kuwa maiti na mwenyewe, huku mamilioni ya watu bado wanazo hizo simu mikononi. Ni mwandishi gani wa programu atakayejenga nyumba kwenye kiwanja ambacho mwenyewe ametangaza anakihama? Wakaenda Android. Msahafu wenye tafsiri, nyakati za swala, ramani, benki, vyote vikawa vinatoka Android kwanza, baadaye vikawa vinatoka Android peke yake. Mwaka 2014 Microsoft ikakamilisha kuinunua biashara ya simu ya Nokia, na mwisho wake sote tunaujua.

Kuna kichekesho kimoja nakipenda katika hadithi hii. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 2.2, yaani kwenye Ideos isiyopandishwa mfumo, mwisho wa Desemba 2016. Kwenye Symbian ya E63 iliendelea hadi tarehe 30 Juni 2017. Aliyechekwa kwa simu ya kizamani alibaki akipokea picha za harusi miezi sita zaidi ya aliyemcheka.

Kichekesho hicho kina uchungu ndani yake. Simu zote mbili zilikuwa zima. Kioo hakikupasuka, betri haikufa. Ziliuawa kwa tangazo. Mtu alinunua chombo kwa jasho lake, na wa mbali akakata shauri kwamba kazi yake imekwisha. Mulika mwizi, tazama, haikuuawa hivyo.

Hiyo ndiyo simu ya tatu, ambayo hakuna aliyeitetea barazani kwa sababu aliyenayo hakuwa na la kujionea. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikauzwa duniani zaidi ya milioni 250. Tochi yake ndiyo iliyompa jina. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 haikumtaka mtu awe na intaneti wala kioo cha rangi. Ilikaa ndani ya kadi ya simu, ikafanya kazi kwenye chombo cha bei ndogo kuliko vyote, na ndiyo maana ilifika kwa muuza mbaazi na kwa mvuvi wa Kipini kabla ya kumfikia karani wa benki. Mabadiliko makubwa kuliko yote yaliyoletwa na simu nchini mwetu yalipita kwenye simu iliyokuwa nje ya ubishi wetu. Ideos na Nokia E63 tuligombania kwa miaka miwili, ilhali mama zetu walikuwa wanapokea pesa kwa kabambe bila kutusikiliza.

Sasa turudi kwenye wimbo wa leo. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, pasipoti, vyote maombi yake yako eCitizen. Jukwaa hilo limepunguza safari na limepunguza mkono wa chini ya meza, na sitaki kumkosea mtu haki. Lakini mzee mwenye kabambe aghalabu haingii eCitizen mwenyewe. Anakwenda saiba. Zile saiba ambazo mwaka 2011 tuliambiwa Ideos itazifunga ziko mpaka leo, na kazi yake kubwa sasa ni kuwajazia watu fomu za serikali. Mzee anatoa kitambulisho, anataja nambari yake ya simu, kijana wa saiba anamfungulia akaunti, anamchagulia neno la siri na kumwandikia kwenye karatasi. Pengine kijana analikumbuka. Mzee anarudi nyumbani akiwa amelipa ada ya serikali, ada ya saiba, na nauli, na ufunguo wa mambo yake umebaki kwa mtu asiyemjua ubini.

Jibu tunalopewa ni kwamba anunue simu janja kwa mkopo. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulipoanza Julai 2020, hesabu ilikuwa shilingi 20 kwa siku, na usipolipa simu hujifunga. Shilingi 20 ni ndogo kwa mwenye mshahara. Mvuvi wetu hana shilingi za kila siku, ana za misimu. Kaskazi bahari ni shwari na mkono unapata. Kusi likivuma, chombo kinakaa ufukweni wiki nzima, na deni halijui upepo. Simu itajifunga wakati ule ule anapohitaji zaidi kupigia ndugu zake simu. Na akiimaliza kuilipa, baada ya miaka kadhaa atapata tangazo kama la 2016, kwamba programu hii haifanyi kazi tena kwenye simu yako.

Mtu ataniambia SHA ina njia ya *147#, na ni kweli. Hapo ndipo ninapotaka tushike. Kumbe inawezekana. Kama usajili wa bima ya afya ya nchi nzima unaweza kupita kwa nyota na reli kwenye kabambe, kwa nini ombi la cheti cha kuzaliwa lisipite? Kwa nini ada za kaunti, leseni ya duka, nafasi za basari, aghalabu zidai kioo cha kupangusa? Wabunge wetu na wawakilishi wa wadi wakiletewa huduma mpya kuizindua kwa mkasi na utepe, waulize kwanza hilo. Ichukuliwe simu ya vibonye, ipelekwe Kiunga, ipelekwe Vanga, apewe mtu mzima asiyejua Kiingereza, na maafisa wenyewe wakae kando wanyamaze. Akikwama, huduma irudishwe kwa walioiunda, na utepe usubiri.