Bei ya simu pekee haitoshi, mkulima aandae ripoti

MKULIMA wa Kilosa leo halalamiki tena kwamba hapati habari za soko. Bei ya mahindi ya Morogoro au ya vitunguu Dar es Salaam humfikia kwa simu kabla jua halijawa kali. Hata hivyo, wengi bado wanauza kwa hasara, kwa sababu bei moja iliyotumwa kwa simu ni habari tu. Haijawa ripoti.

Ripoti ya biashara hujibu maswali matatu. Ya kwanza hueleza kilichotokea, yaani tumeuza kiasi gani na kwa bei gani. Ya pili hueleza sababu. Ya tatu hupima kitakachofuata, ili mtu aamue auze, asubiri au abadili zao.

Tuchukue mfano. Tuseme ekari moja ya mahindi imegharimu sh. 420,000 na kutoa magunia 12. Kila gunia limegharimu sh. 35,000. Mnunuzi anakuja shambani Mikumi na magunia yake, anatoa sh. 38,000, faida ni sh. 3,000. Mjini bei ni sh. 48,000, lakini usafiri, gunia na ushuru ni sh. 7,000, faida ni sh. 6,000. Hapo kwenda mjini kunalipa. Bei ya mjini ikishuka chini ya sh. 45,000, ni heri kuuza shambani. Namba hiyo ya 45,000 ndiyo ripoti yenyewe, na haiji kwa simu bila mtu kukaa chini na kupiga hesabu.

Kazi hii haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Programu ya majedwali inayopatikana bure kwenye intaneti hujumlisha, hulinganisha miezi na kuchora mchoro wa bei. Asiye na kompyuta atumie daftari lenye safu za tarehe, soko, bei na gharama.

Nchi yetu ina uzoefu. Mradi wa First Mile, ulioanza mwaka 2005 kwa msaada wa IFAD na Uswisi, uliwatumia wakulima walioitwa "shushushu". Walikwenda sokoni, wakadadisi wafanyabiashara, kisha wakarudisha taarifa kijijini kwa simu. Faida yao haikuwa bei peke yake, bali kuelewa mnunuzi anataka nini na lini.

Somo la mbaazi nalo tusilisahau. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei hapa nchini ikaporomoka. Aliyefuatilia bei ya gulio lake tu hakuweza kuona kishindo hicho kikija. Ripoti nzuri hutazama pia mnunuzi wa mwisho, hata akiwa ng'ambo.

Tunashauri kila chama cha msingi kiteue kijana mmoja, kimpe simu na daftari, na kila wiki abandike ripoti ya ukurasa mmoja ofisini. Maofisa ugani na maofisa biashara wa wilaya wamsaidie kuikagua. Kilosa ina reli na Mikumi ina barabara kuu iendayo Zambia. Njia za kufika sokoni zipo. Asiyejua gharama zake atapangiwa bei na anayezijua.