Picha isiyoomba kitu

Wenzangu, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjacheka. Leo naongea juu ya farasi wa plastiki.

Dada yangu, mtoto wa shangazi, alitoka hapa Nakivale na watoto wake wakapelekwa Lexington, kule Kentucky, Marekani. Wengi wenu mna ndugu huko, Wakongomani ni wengi na Kiswahili kinaongewa mpaka shuleni. Binti yake ana miaka 13. Siku moja akanitumia picha: farasi wa kahawia amesimama kwenye majani, jua la jioni linampiga mgongoni, nyuma kuna miti. Nikamwandikia, “Farasi mzuri sana. Wa nani?” Akajibu, “Wangu, Tonton. Ni wa plastiki. Anakaa dirishani kwangu.”

Nikacheka, nikasema haya ni mambo ya wazungu. Baadaye nikamwomba anieleze vizuri, na leo nimegeuka.

Kumbe kuna watu, watoto na wakubwa, tena wakubwa ni wengi, wanaokusanya farasi wa mfano na kuwashindanisha kama farasi wa kweli. Kampuni inayojulikana zaidi ni Breyer ya Marekani, iliyotoa farasi wake wa kwanza mwaka 1950. Wale wakubwa wanatengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 9, na wadogo 1 kwa 32, unamfumba kwenye kiganja. Tangu 1990 wana tamasha lao la mwezi wa saba, hapo hapo Lexington, kwenye Kentucky Horse Park. Ndiyo maana mtoto wetu akaambukizwa.

Mashindano yako ya namna mbili. Kuna ya kubeba farasi wako, unampanga mezani, mwamuzi anapita anaangalia. Halafu kuna ya kutuma picha tu. Zamani picha zilikwenda kwa posta, na nyuma ya karatasi umeandika jina la farasi, aina yake na kama ni dume au jike. Siku hizi simu inatosha. Kwa hiyo mtoto ambaye mama yake yuko kazini na hana wa kumpeleka popote anaweza kushindana na mtu mzima wa jimbo lingine.

Usidhani ni kupiga tu na kutuma. Kwanza unachagua kundi: farasi aliyebaki kama alivyotoka kiwandani hawekwi pamoja na aliyepakwa rangi upya, wala na aliyefinyangwa na msanii. Kisha unataja aina. Ukisema ni farasi wa Kiarabu na kichwa chake ni kizito kama cha farasi wa kuvuta mkokoteni, mwamuzi hakubali. Halafu picha yenyewe. Ukipiga ukiwa umesimama, farasi anaonekana mdoli papo hapo, kwa hiyo unalala chini mpaka kamera ifike usawa wa macho yake. Jani moja la nyasi likimfika shingoni, limeshamsema udogo wake. Punje ya vumbi mgongoni inaonekana kama jiwe. Akiwa na tandiko, kila mkanda lazima ukae panapotakiwa.

Mara ya kwanza binti yetu hakupata kitu. Mwamuzi alimwandikia maneno machache: mkanda wa tumboni umelegea, tandiko lingemwangusha mpanda farasi. Basi. Mtoto akakaza mkanda, akalala tena kwenye majani na simu ya mama yake.

Hapo ndipo aliponishika. Mwamuzi yule hakuuliza mtoto ametoka wapi, amekimbia vita gani, baba yake yuko wapi. Aliangalia kazi yake kwa makini mpaka akaona mkanda mmoja mdogo. Nyie niambieni, lini mara ya mwisho mtu aliangalia kazi yako hivyo?

Sisi hapa tunajua picha. Wageni wanakuja na kamera kubwa, wanapiga, wanaondoka. Nami sina mikono safi. Siku moja, nikiwa zamu kwenye kituo cha vijana, niliombwa nimtafute mtoto wa kupigwa picha. Wa kwanza aliyejitokeza alikuwa na shati jipya, mama yake alikuwa amemnunulia wiki ile. Nikamrudisha, nikaleta mwingine. Hakuna aliyeniagiza nimrudishe. Nilijua tu ni picha ya namna gani inayotakiwa. Yule wa shati jipya bado napishana naye njiani, na bado sijapata la kumwambia.

Kwa hiyo likizo iliyopita nilijaribu kitu. Farasi hatuna, lakini ng'ombe tunao kila siku mbele ya macho, hawa wa Ankole wenye pembe kama matao. Na nani kati yetu hakufinyanga ng'ombe wa udongo utotoni? Watoto saba walileta ng'ombe wao. Simu ilikuwa moja, hii yangu yenye kioo kilichopasuka, ili asishinde mwenye simu nzuri. Kila mmoja alitaja aina ya ng'ombe wake, akachagua mahali, akalala chini, akapiga picha tatu, akabakiza moja.

Mwamuzi alikuwa mzee jirani yetu, mfugaji tangu kuzaliwa. Akashika simu mbali na macho yake, akaangalia polepole. Kwa mmoja akasema, “Huyu shingo ni ya dume, lakini naona chuchu. Amua.” Tulicheka mpaka machozi. Mtoto mwingine wa upande wa Masisi alibishana na wenzake nusu saa kwamba ng'ombe wa kwao pembe zake ni fupi, na mzee akampa haki. Yule wa dume lenye chuchu alinuna, akaenda. Baada ya siku mbili alikuja mlangoni kwangu na ng'ombe mpya, kiwele kimekaa sawa, anaomba arudie.

Nilipeleka wazo kwenye kikao ili liwe shughuli ya kituo. Nikaulizwa, “Itawaingizia nini?” Nilikosa jibu, nikakaa chini. Jibu nimelipata nikiwa kitandani, kama kawaida: haitawaingizia hela. Itawapa jicho. Mtoto atajifunza kuangalia kitu mpaka akijue, kukosolewa bila kudharauliwa, na kurudi tena. Na atakuwa na picha moja aliyoipiga mwenyewe, isiyomwomba mtu kitu.

Najua mtakachosema. Mgao umepunguzwa, watu wanalala njaa, wewe unaleta ng'ombe wa udongo. Ni kweli, na wa kupigania mgao tuendelee kupigania. Lakini njaa haikumzuia yule mtoto kurudi baada ya siku mbili. Tusiwe sisi wa kuamua kwamba maskini ana haki ya chakula na semina tu, na mchezo wa kufanya kitu vizuri ni wa watoto wa Marekani.

Ndugu zetu wa mashirika, ombi langu kwenu ni dogo: chumba kwa saa mbili na simu moja. Tafadhali msije kuwapiga picha watoto wakifinyanga. Siku hiyo wao ndio wanapiga.

Wenzangu, Jumamosi saa nane mchana, kituoni. Lete ng'ombe, mbuzi, au farasi kama unamjua umbo lake. Masharti ni haya: umefinyanga mwenyewe, unataja aina, hakuna kumrekebisha kwa programu ya simu, na sura ya mtu isionekane. Mzee amekubali kuamua tena.

Picha ya ng'ombe wa Masisi nilimtumia binti yetu Lexington. Alikaa kimya siku nzima, kisha akaandika: “Ni mzuri, Tonton. Ila mwambie kivuli chako kimeingia kwenye picha.” Nimeangalia. Kweli kimeingia.