Hazina ya Makerere ifunguliwe hadi sokoni

Mfanyabiashara anayevuka Malaba, Mutukula au Mpondwe huulizwa karatasi kila siku: kitambulisho, stakabadhi, cheti cha asili ya bidhaa. Mara chache huambiwa kwamba zipo karatasi nyingine zinazomhusu, zilizokusanywa kwa miongo mingi kwenye kilima cha Makerere mjini Kampala, na kwamba sehemu yake sasa inasomeka kwa simu. Humo mna habari za ushuru ulivyoanza, mipaka ilivyofungwa na kufunguliwa, na jinsi watu wa soko walivyoishi katikati ya yote hayo. Umefika wakati karatasi hizo zimfikie mwenye mzigo.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Tangu 1958 maktaba yake imepewa na sheria haki ya kupokea nakala ya machapisho yanayotolewa nchini Uganda, na ndiyo sababu rafu zake zina magazeti, ripoti za serikali na vijitabu ambavyo ni vigumu kuvipata kwingine. Katika miaka ya karibuni imejenga hazina ya kidijitali inayoweka tasnifu za wanafunzi, makala za wahadhiri na nyaraka zilizopigwa skani. Zipo hata sauti: rekodi za muziki wa Uganda zilizofanywa na Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948, zilikaa Uingereza kwa miaka mingi kabla ya nakala zake kurudishwa Makerere.

Mwuza nyanya wa Busia anaweza kuuliza haya yote yanamsaidia nini. Jibu liko kwenye ushuru wenyewe. Wengi huzungumzia umoja wa forodha wa Afrika Mashariki kana kwamba ulizaliwa mwaka 2005. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia 1927. Jumuiya iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala mwezi Juni 1967 ilivunjika 1977, na hii ya sasa ilihitaji mkataba mpya wa 1999. Anayejua mfululizo huo haambiwi kwa urahisi kwamba soko la pamoja ni zawadi ya viongozi wa leo, wala hashtuki anaposikia kwamba linaweza kuvunjika. Limewahi kuvunjika, na waliolipa gharama walikuwa wafanyabiashara.

Mfano mwingine uko hapo hapo Makerere. Taasisi ya utafiti wa jamii iliyoanzishwa chuoni mwaka 1948 ilimpata Audrey Richards kuwa mkurugenzi wake. Mwaka 1954 ikatoka kazi kubwa aliyoihariri kuhusu wahamiaji waliokwenda Buganda kutafuta kazi, wengi wao wakitoka Ruanda-Urundi, ambayo leo ni Rwanda na Burundi. Mwaka 2019 mpaka wa Gatuna ulipofungwa kati ya Rwanda na Uganda, na kubaki umefungwa kwa kiasi kikubwa hadi Januari 31, 2022, kilichokatwa kilikuwa njia ambayo watafiti wa Makerere waliiandika miaka 65 kabla. Mjadala ule ulifanywa kama ugomvi wa serikali mbili. Ushahidi wa maktabani ungewakumbusha wote kwamba watu walitangulia kupita pale kabla ya serikali hizo kuwapo.

Kuna mfano wa tatu, ambao wazee wa Bungoma na Mbale hawahitaji kuusoma. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ya dunia ikapanda mno. Ndani ya Uganda ya Idi Amin mkulima alilipwa kidogo, tena kwa shilingi isiyonunua kitu. Kahawa ikavuka mpaka kwa vichwa, kwa punda na kwa malori, na soko la Chepkube upande wa Kenya likawa maarufu nchi nzima. Neno magendo likawa jina la uchumi mzima. Serikali ilijibu kwa askari wa kupambana na magendo, na watu walikufa.

Hapa ndipo penye kasoro ambayo hazina za kidijitali haziwezi kuirekebisha zenyewe. Katika nyaraka nyingi za zamani, mfanyabiashara wa mpakani anaonekana pale tu alipokamatwa. Jina lake liko kwenye faili la polisi, ripoti ya forodha au barua ya mkuu wa wilaya anayelalamika. Hakuna daftari lake la mikopo, wala muhtasari wa kikao cha chama chake, wala barua yake kwa mteja wa ng'ambo ya pili. Kupiga skani faili la aliyemfukuza mchuuzi, bila kutafuta maneno ya mchuuzi mwenyewe, ni kuhamisha upendeleo wa zamani kutoka karatasi kwenda kompyuta.

Na karatasi haingoji. Usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020 moto uliteketeza jengo kuu la Makerere, lililokamilika mwaka 1941. Maktaba Kuu iko katika jengo lake na ilisalimika, lakini kila aliyeona paa lile likianguka alielewa kwamba nakala moja tu ya kitu ni sawa na kutokuwa nacho. Kabla ya hapo kulikuwa na upotevu wa makusudi: wakoloni wa Uingereza walipokuwa wakiondoka Afrika Mashariki walichoma baadhi ya mafaili na kusafirisha mengine kwao, na ni kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London iliyolazimisha kuwepo kwake kukubaliwa mwaka 2011. Hata Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kuanzia 1963, kiligawanyika mwaka 1970, na kila mji ukabaki na kipande chake cha kumbukumbu.

Mengine mazuri yanafanyika. Huko Fort Portal, Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani kuziokoa nyaraka za wilaya ya Kabarole na kuzitia kwenye kompyuta. Kwa wanaofanya biashara kati ya Kasese, Bwera na Beni, hiyo ni kumbukumbu ya ujirani wao. Lakini anayetafuta habari za kahawa ya Rwenzori leo anahitaji kujua kwanza kwamba aende Fort Portal, kisha Makerere, kisha Nairobi. Mzigo una mfumo mmoja wa forodha. Historia ya mzigo haina.

Mambo matatu yangebadilisha hali hiyo, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

La kwanza ni lugha. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Hata hivyo tasnifu kuhusu wachuuzi wa mpakani huandikwa kwa Kiingereza, na mchuuzi aliyehojiwa ili mtu apate shahada hapati hata ukurasa mmoja wa kujua alichosema kilitumikaje. Vyuo vidai muhtasari wa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, kwa kila utafiti unaohusu biashara ya kanda. Mwanafunzi aliyemaliza miaka yake ya shahada hashindwi na kazi hiyo.

La pili ni mlango mmoja. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake hapa hapa Kampala. Vyuo kadhaa vya kanda vinatumia programu ile ile ya bure, DSpace, kuendesha hazina zao, na programu hiyo iliundwa ili orodha ziweze kusomana. Baraza lisimamie ukurasa mmoja wa kutafutia, mwepesi wa kufunguka kwa simu. Uganda ilianza kutoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti mwaka 2021, ikiacha nje data ya elimu na matibabu. Mwanamke anayesoma kwa simu akiwa kwenye meza yake sokoni hanunui kifurushi cha elimu. Kila faili zito linaloshuka polepole linakula faida yake.

La tatu liko mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe. Vyama vya masoko, vya madereva na vya mawakala wa forodha vina mihutasari, leseni za zamani, picha na madaftari yanayoliwa na mchwa. Ushahidi wa miaka ya Gatuna uko kwenye simu zilizokwisha kupasuka vioo. Vyama vikubaliane na maktaba, vipeleke nakala, na asili ibaki kwa mwenyewe.

Wapo watakaohofu, na hofu yao ina msingi: daftari la mauzo likiwekwa hadharani leo, kesho mtoza kodi atalisoma. Hifadhi za nyaraka zina jibu la siku nyingi. Mtu anaweza kukabidhi kitu kwa sharti kwamba kisifunguliwe kwa miaka 20 au 30, au majina yafichwe. Sharti hilo liandikwe na kusainiwa kabla karatasi ya kwanza haijapigwa skani. Maktaba isiyoweza kuahidi hivyo isipewe kitu.

Wengine watasema fedha za vyuo hazitoshi. Ni kweli hazitoshi. Lakini Jumuiya inatumia fedha kueleza wananchi faida za utangamano kwa mabango na semina. Sehemu ya fedha hizo ikilipia mitambo ya kupiga skani na wafanyakazi wa kuandika orodha, wananchi wataona utangamano kwa ushahidi wa babu zao badala ya kuambiwa.

Leo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Haki kama hiyo inaweza kupunguzwa au kupanuliwa na watu wanaokaa mbali na mpaka. Siku watakapokaa kuijadili, chama cha wachuuzi kinachoingia na kumbukumbu za miaka 60 kitasikilizwa tofauti na kile kinachoingia na malalamiko ya wiki iliyopita. Makerere ifungue mlango, na soko liingie likiwa limebeba karatasi zake.