Breki Hazijui Cheo

HAPANA askari, awe wa jeshi au wa polisi, atakayekubali kupewa bunduki inayopiga leo na kugoma kesho, kisha aambiwe avumilie kwa kuwa mara nyingi hupiga. Atairudisha ghalani siku ile ile, na mtunza silaha ataandika daftarini ubovu ulioonekana. Lakini tumchukue askari huyo huyo jioni, amekwisha rudi nyumbani kwake Thongpiny, amevua magwanda, na anaingia katika gari la familia ambalo breki zake zimekwisha tengenezwa mara tatu tangu mvua zilipoanza. Anawapakia mkewe na watoto, anaondoka. Ukimwuliza habari za breki atakujibu, "Ukiipampu kidogo inashika."

Ni juu ya jibu hilo tunapenda kusema na ndugu zetu wa jeshi na polisi leo.

Mtaa wa Thongpiny, ulio ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Juba, haukosi magari makubwa ya umbo la jipu: Land Cruiser, Prado na jamaa zake. Si ajabu. Gari la aina hiyo lina nasaba ya kiaskari. Mwaka 1951 kiwanda cha Toyota kiliunda gari lililoitwa BJ, likapandishwa hadi kituo cha sita cha mlima Fuji, na polisi wa Japani wakawa miongoni mwa wanunuzi wake wa mwanzo. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Tangu hapo limekwenda vitani, hospitalini na harusini. Watu hulipenda kwa sababu halichagui njia, na kwa sababu huchukua ukoo mzima pamoja na magunia. Wanalolisahau ni uzito wake. Prado ya kawaida ina karibu tani 2 ikiwa tupu, na Land Cruiser ile ya V8 hupita tani 2 na nusu kabla hajaingia mtu. Uzito huo wote, pamoja na watoto walio kiti cha nyuma, husimamishwa na padi chache ambazo kila moja yaenea katika kiganja cha mkono. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki haiongezeki mara mbili bali mara nne. Atokaye kilomita 40 kwa saa akafika 80 ameziongezea breki zake mzigo huo, na katika mwendo huo gari hula mita 22 kila nukta moja ipitayo.

Sasa tuulize: kwa nini breki iliyotengenezwa mwezi uliopita iharibike tena mwezi huu? Wengi humlaumu fundi, na fundi hulaumu spea. Huenda wote wawili wana sehemu yao ya kosa, maana padi za bandia zipo na mafundi wa kubahatisha wapo. Lakini mara nyingi kisa ni kwamba kilichobadilishwa si kile kilichoharibika. Padi huonekana, hushikika, na mwenye gari huridhika akioneshwa ya zamani iliyolika. Mafuta ya breki hayaonekani, na kwa hiyo hayaulizwi.

Mafuta hayo yana tabia ambayo kila dereva wa nchi yenye mvua na joto kama hii yampasa aijue. Hunyonya maji. Hunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko cha kopo lake, polepole, mwezi baada ya mwezi, hata kama gari limeegeshwa tu chini ya mwembe. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki mpaka yafike nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishanyonya maji kufikia kiasi cha asilimia 3.7, kipimo cha chini kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Ya DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Padi na diski zikibanana kwa nguvu hupata moto unaopita nyuzi hizo kwa mbali, na moto huo husafiri hadi kwenye mafuta. Yakichemka, ndani ya bomba hutokea mvuke. Na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa. Dereva anakanyaga, mguu unafika sakafuni, gari linaendelea. Akiegesha nusu saa mambo yote yanapoa, mvuke unarudi kuwa majimaji, na breki inashika vizuri kabisa. Ndipo fundi anapolijaribu gari uani, haoni kitu, anabadilisha padi na kutoa upepo, anapokea malipo. Baada ya wiki mbili hadithi inaanza upya.

Wasomaji wanakumbuka Machi 2024, Serikali ilipolazimika kufunga shule nchini kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Gari lenye mafuta ya breki ya miaka sita, katika siku kama zile, linaingia barabarani likiwa nusu ya safari ya kuchemka limekwisha maliza. Kanuni inayofuatwa mahali pengi ni kuyamwaga yote na kuweka mapya kila baada ya miaka miwili. Kopo likishafunguliwa na kukaa rafuni kwa miezi halifai tena, hata likiwa limebaki nusu na hata likiwa la bei kubwa.

Yako mabaya zaidi ya kuchakaa. Tunasikia habari za madereva wanaoongeza maji ya sabuni ili wafike tu, na wengine wanaomimina mafuta ya usukani au ya gia kwa kuwa rangi zinafanana machoni pao. Mafuta ya jamii hiyo huvimbisha na kuozesha kila mpira uliomo katika mfumo wa breki, kuanzia silinda kuu, ile mafundi waiitayo masta, hadi kwenye magurudumu. Baada ya hapo kutoa upepo ni bure. Hapana budi mipira yote ibadilishwe, na hilo ni gharama inayoweza kumfanya mtu aliuze gari kwa asiyejua.

Dalili nyingine tuzipitie upesi. Gari likivutia upande mmoja linapokanyagwa breki, huenda kalipa ya gurudumu moja, yaani chuma kile kinachoikumbatia diski, imekwama kwa vumbi na kutu, au mpira wa kupitisha mafuta umevimba ndani ukazuia. Usukani ukitetemeka, diski imelika bila usawa. Kuichonga ni dawa, ila kila diski ina unene ambao haipaswi kupita chini yake, na mara nyingi kipimo hicho kimechorwa kwenye chuma chenyewe. Pedeli ikiwa ngumu kama jiwe, itazamwe busta na bomba lake la hewa.

Lakini liko jambo ambalo halimo mikononi mwa dereva wala fundi. Mwezi Oktoba 2010 Toyota iliita magari yapatayo milioni moja na nusu duniani yarudishwe kurekebishwa, yakiwamo yale ya familia yaitwayo Highlander huko Marekani, ambayo Wajapani huyaita Kluger. Ilionekana kwamba mpira mmoja wa masta uliweza kukauka kama mafuta ya breki yaliyowekwa baadaye hayakuwa ya aina iliyokusudiwa. Mafuta yakavuja, taa ikawaka, na pedeli ikaanza kulegea. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Mercedes-Benz: magari yapatayo milioni moja ya ML, GL na R, yaliyoundwa kati ya 2004 na 2015, yaliitwa kwa sababu unyevu uliweza kuleta kutu katika busta, na wenye magari waliambiwa wasiyaendeshe mpaka yakaguliwe.

Sasa, barua ya kiwanda hutumwa kwa nani? Hutumwa kwa mtu ambaye jina lake limo katika daftari la nchi lilikouzwa gari hilo likiwa jipya. Gari lilipotoka Japani likauzwa tena, likashuka Mombasa, likafika Kampala na mwisho kuvuka mpaka wa Nimule, barua ile ilibaki nyuma. Askari wa Thongpiny hataipata. Kwa hiyo anayesumbuliwa na breki zisizopona, baada ya mafuta na mipira kukaguliwa, aiandike namba ya chesesi na kuwauliza mawakala wa kampuni kama gari hilo lilipata kuitwa na kama lilirekebishwa. Kuuliza hakuna gharama kubwa.

Tumeitaja Nimule, na barabara yake ina neno lake. Njia hiyo ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba, iliyofunguliwa mwaka 2012, ndiyo mshipa wa mji huu. Sudan iliacha kuendesha kushoto ikahamia kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini imeendelea hivyo. Uganda na Kenya wanaendesha kushoto. Magari mengi yanayotufikia kutoka upande huo yana usukani wa kulia. Dereva wake, akiwa nyuma ya lori la mafuta, hukaa upande wa majani, haoni lililoko mbele mpaka alitoe gari karibu lote katika njia ya wanaokuja. Akiliona lori jingine linamkabili, hana msaada ila breki. Dereva mwenye usukani wa kushoto huchungulia kwa kichwa. Huyu huchungulia kwa gari zima, watoto wakiwa ndani.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilihesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka, na katika kila mia 92 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hatusemi wote hao waliuawa na breki. Mwendo na ulevi vina fungu lao kubwa. Ila breki ni kinga ya mwisho kwa makosa hayo yote, ya mtu mwenyewe na ya jirani yake.

Basi tuseme wazi lililotufanya tushike kalamu. Askari wa usalama barabarani anaposimamisha gari huomba leseni, hutazama bima, pengine huzunguka kutazama taa na matairi. Kukanyaga pedeli ni nadra. Tena dirisha likishuka akaonekana ndani yake mtu mwenye nyota begani, mkono huinuka kwenye kofia na gari hupita. Heshima hiyo ni ya mtu, na anaistahili. Lakini gari lake halina nyota, na lori linalokuja mbele yake halitamwuliza ni wa kikosi gani. Yule kijana wa kituoni anayeliacha jipu bovu la mkubwa wake lipite amemfanyia mkubwa huyo ubaya, ingawa wote wawili wanaagana kwa tabasamu.

Jeshini hapana dereva anayestahili kutoka kambini bila ukaguzi wa asubuhi: maji, mafuta, magurudumu, breki, kisha sahihi kwenye daftari. Twaomba makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo walete utaratibu huo katika magari binafsi ya askari wao, walau mara moja kwa miezi mitatu, katika uwanja wa karakana ya kikosi, chini ya fundi aliyesomea kazi yake. Wakubwa watangulie. Na liwepo daftari dogo ndani ya kila gari, lionyeshe tarehe ya mafuta ya breki kubadilishwa, daraja lake na jina la fundi. Daftari hilo litamaliza ubishi wa nani alifanya nini mara ya tatu.

Wakati hayo yakingojewa, liko jaribio ambalo kila mmoja aweza kulifanya jioni ya leo uani kwake. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, kisha iendelee kukanyagwa huku ukiwasha injini; pedeli haina budi kushuka kidogo, na isiposhuka busta haifanyi kazi. Halafu, injini ikiunguruma, kanyaga kwa nguvu na uhesabu hadi thelathini. Ikiwa pedeli inazama polepole chini ya mguu, masta inapitisha mafuta au pana mahali panapovuja. Chukua tochi ukatazame nyuma ya kila gurudumu na chini ya kopo la mafuta. Gari hilo lilale hapo lilipo, na kesho watoto waende shule kwa miguu.