Jina la tovuti yenu limeandikwa kwa nani?

Kikundi kikitaka tovuti hapa Kawangware, huniuliza kwanza bei, kisha kasi. Nimewatengenezea watu tovuti kuanzia Congo hapa kwetu hadi Kianda kule Kibera: vyama vya akina mama, timu za kandanda, shule ndogo ndogo. Ni nadra mtu kuanza kwa kuniuliza jina la tovuti litasajiliwa kwa nani. Ilhali hapo ndipo tovuti nyingi za mitaa yetu huanza kufa.

Mambo huenda hivi. Anakuja kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo. Ana moyo safi, na tovuti anayoijenga inapendeza. Anaisajili kwa barua pepe yake na kuilipia kwa kadi yake ya benki. Akisharudi kwao, kadi inaisha muda, na barua za kukumbusha malipo zinaingia kwenye sanduku ambalo huku hakuna awezaye kulifungua. Mwenyekiti mmoja wa Gatwekera, Kibera, alinionyesha kwenye simu ukurasa wa kikundi chake ukitangaza kamari. Alitaka nimrudishie. Ningerudisha nini? Jina lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine, tena kihalali.

Kwa hiyo ushauri wangu huanzia kwenye jina, seva ije baadaye. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KENIC na huuzwa na mawakala wengi wa hapa nchini, ambao baadhi yao hupokea M-Pesa. Mweka hazina alipe mwenyewe kutoka kwa simu ya kikundi. Risiti iandikwe jina la kikundi. Barua pepe iliyotumika kujisajili iwe ya kikundi pia, na nywila yake ijulikane na watu wawili au zaidi. Fundi kama mimi apewe ruhusa ya kufanya kazi, asipewe umiliki. Nasema hivi nikijua najikata mguu, maana wako mafundi wanaoshika majina ya wateja wao makusudi ili wasiachwe.

Kuhusu seva yenyewe, waulizeni wauzaji mashine iko wapi. Kampuni yenye ofisi Nairobi yaweza kuwa imekodi nafasi Ujerumani au Marekani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Ukurasa uliohifadhiwa Nairobi haulazimiki kuvuka bahari ili umfikie msomaji wa Lindi, Kibera. Kampuni za hapa hubadilishana data papo hapo kupitia kituo cha KIXP. Lakini ikiwa wasomaji wenu wengi ni wafadhili wa Ulaya, hoja hiyo inapungua uzito.

Halafu kuna lile tangazo la nafasi "bila kikomo". Hakuna diski isiyo na kikomo. Kikomo kimeandikwa kwenye masharti, kwa herufi ndogo, pamoja na bei ya mwaka wa pili, ambayo mara nyingi ni maradufu ya ile iliyokuvuta. Someni hiyo ya pili. Na kama tunavyouliza majirani kabla ya kuhamia ploti iwapo keateka hushika simu, pigeni simu ya huduma Jumapili usiku kabla hamjalipa. Isiposhikwa, mmeshajibiwa.

Nakala ya akiba msimwachie muuzaji. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuna wateja waliopoteza data zao moja kwa moja. Hata miongoni mwa waliolipia bakapu, wapo ambao nakala zao zilikuwa zimehifadhiwa papo hapo penye moto. Sisi wa mitaa ya mabati hatuhitaji kufundishwa moto ni nini. Kila mwezi pakueni tovuti nzima, muiweke kwenye diski nyumbani kwa katibu.

Kibera ina mfano mzuri wa jambo hili. Vijana wa Map Kibera walipoanza mwaka 2009 kupita vichochoroni na vifaa vya GPS, ramani yao waliiweka kwenye OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuipakua. Tovuti ya mradi ikizimika leo, vijia vya Silanga na Makina vitabaki kwenye ramani, kwa sababu nakala zake zimetapakaa duniani.

Wafadhili nao wabadilike. Bajeti ya tovuti huwa na pesa za mbunifu, za mafunzo na za uzinduzi, kisha inaishia hapo. Ongezeni ada ya jina na ya seva kwa miaka kadhaa, ikabidhiwe kikundi kabla ya keki kukatwa. Jina la .ke kwa mwaka huwa karibu shilingi elfu moja. Hema na spika za siku ya uzinduzi hugharimu zaidi, na hizo hurudishwa jioni ile ile.